Waya au Plastiki: Kutoka Singida hadi Upanga

Basi la alfajiri kutoka Singida kwenda Dodoma hubeba watu wenye shida zinazoeleweka: kesi ya shamba, faili lililokwama wizarani, mgonjwa wa moyo, magunia ya alizeti. Jirani yangu wa kiti aliponiuliza safari yetu ni ya nini, nikamwambia nampeleka binti yangu Dar es Salaam kupangwa meno. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, meno nayo ni ya kupandia basi mpaka Dar?"

Binti yangu, mwenye miaka 14, aligeukia dirishani. Meno yake ya mbele ya juu ni ya nje, na midomo yake haikutani mpaka ailazimishe. Kwa miaka mingi tuliyachukulia kuwa ni sura ya ukoo. Mama yangu mzazi alikuwa nayo vilevile, pamoja na mwanya wa katikati uliosifiwa mpaka anaingia kaburini. Mwaka jana mtoto akaanguka akicheza netiboli shuleni, jino moja likavunjika ncha. Daktari wa meno pale mjini alilijaza vizuri, kisha akaniketisha. Jino linalotangulia mdomo kiasi kile, alisema, ndilo linalopokea kila pigo, kwa sababu mdomo hauwezi kulikinga. "Nitaziba leo, nitaziba na mwakani. Mpeleke kwa bingwa wa kupanga meno." Akatuandikia barua kwa mwenzake wa Dar.

Kabla hatujaondoka, kila mtu nyumbani alikwishakuwa bingwa. Mke wangu alitaka waya, yaani bresi: vibandiko vidogo vya chuma vinavyogandishwa jino kwa jino na kupitishiwa uzi wa chuma. Dada yangu wa Magomeni, ambaye ndiye angetupokea, alisema mtoto wa kike hawezi kuzunguka na vyuma mdomoni wakati siku hizi kuna alaina, vile vifuniko vya plastiki angavu vinavyovalishwa juu ya meno na kuvuliwa wakati wa kula. Binti yangu alikuwa upande wa shangazi yake. Mdogo wangu anayeishi Texas akaleta wazo la tatu: tuchukue chapa ya meno wenyewe nyumbani, tuitume kwa posta, alaina zirudi kwa posta. Nilimkumbusha kampuni ya SmileDirectClub ya hukohuko kwao, iliyouza alaina kwa mtindo huo mpaka ikafunga milango Desemba 2023, ikawaacha wateja na matibabu nusu mdomoni. Hakujibu tena.

Dodoma tulishuka kwenye basi tukahamia kwenye reli. Mimi nilikua nikisafiri na treni ya zamani ya Singida na Manyoni, ile iliyokufundisha uvumilivu, lakini SGR, reli ya kisasa, sikuwahi kuipanda. Huduma ya abiria ilianza Juni 2024 kati ya Dar na Morogoro, ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Mizigo inapitishwa kwenye mashine, tiketi inalinganishwa na kitambulisho, lango likifungwa limefungwa. Tulipanda ile watu wanayoiita mchongoko, kwa ajili ya pua yake. Kioo cha mbele ya behewa kilipoonyesha kasi ya kilomita 160 kwa saa, binti yangu alisahau kufunga mdomo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Milima ya Kilosa na mahandaki yake, Uluguru ikiwa na wingu begani, kisha ile kijani ya Pwani ambayo mtu wa Singida huitazama kwa wivu. Kwa muda ambao zamani tungekuwa bado tunasubiri treni Manyoni, tulikuwa Dar es Salaam. Nataja treni si kwa kujisifu. Iliingia kwenye hesabu ya meno baadaye.

Asubuhi tulichukua basi la mwendokasi kutoka Magomeni, tukavuka bonde la Jangwani, tukashuka kituo cha Fire na kutembea kuingia Upanga. Kliniki ilikuwa ghorofa ya kwanza, si mbali na Muhimbili, ambako daktari mwenyewe alisomea. Ni mama wa makamo, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Binti yangu alimwamkia, akaambiwa "Marahaba, hebu cheka kidogo," na kabla ya kufungua barua yetu daktari akauliza, "Singida au Arusha?"

Aliona kwenye rangi. Sisi wa huko meno yetu yana mabaka ya kahawia, na wengi tumeyazoea kiasi kwamba hatuyaoni tena. Chanzo ni floraidi iliyomo kwenye maji ya visima vya ukanda wetu, Singida, Arusha, Kilimanjaro, Manyara. Mtoto akiyanywa wakati meno yanajijenga ndani ya fizi, enameli inatoka na vinyweleo na madoa. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 8 vijijini kwa sababu chanzo kingine cha maji hakikuwepo. Nilidhani daktari anataja rangi kwa ajili ya urembo. Kumbe alikuwa anafikiria gundi. Braketi, yaani vile vibandiko vya chuma, hugandishwa kwa kuichubua enameli kidogo kwa tindikali ili gundi ipate pa kushika, na enameli iliyoathiriwa na floraidi haichubuki sawasawa. Kwa watu wa kwetu braketi hubanduka mara nyingi zaidi, na mgonjwa asiyejua hudhani amefanyiwa kazi mbovu.

"Basi tuchukue plastiki," binti yangu akasema haraka.

Daktari akacheka. Alaina nazo, alieleza, hazishiki jino kwa upendo. Ili ziweze kulizungusha au kulivuta, huwekwa vinundu vidogo vya rangi ya jino juu ya enameli, na vinundu hivyo hugandishwa kwa gundi ileile. Rangi ya Singida haikuwa hoja ya upande wowote.

Kisha kazi ikaanza: picha za uso kwa mbele na kwa ubavu, eksirei ya taya zote katika picha moja, eksirei nyingine ya kichwa kwa ubavuni, na kijiti cha skana kilichozungushwa mdomoni mpaka meno yote yakatokea kwenye kompyuta. Daktari alipima kwa rula ndogo umbali kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini anapoyafunga. Milimita 7. Kawaida ni 2 au 3. Akasema ni Kundi la Pili katika mpangilio wa Edward Angle, Mmarekani aliyeyagawa mapungufu ya kukutana kwa meno katika makundi matatu mwishoni mwa karne ya 19, na ambaye madaktari hawa bado wanatumia makundi yake. Meno ya juu yalikuwa na nafasi nyingi, ya chini yamebanana kidogo, na chonge moja ya chini imejipinda.

Nikamuuliza swali lililokuwa likinisumbua tangu Singida: jino lina mzizi ndani ya mfupa, linahamaje bila kung'oka? Alivuta kiti karibu. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba wenye nyuzi. Ukilisukuma jino polepole, upande unaobanwa mfupa unaliwa na seli zinazobomoa, na upande ulioachwa wazi seli nyingine zinajenga mfupa mpya. Jino linahama kama nguzo ya boma inayosukumwa kidogo kila siku kwenye udongo wa masika, na udongo unajaza nyuma yake. Ukilazimisha haraka, unaua utando na kuumiza mzizi. Mwendo wa kawaida ni kama milimita moja kwa mwezi. Waya na plastiki zote zinatumia njia hiyohiyo ya mwili. Zinatofautiana katika namna ya kusukuma.

Waya wa kwanza unaofungwa ni mchanganyiko wa nikeli na titani, uliovumbuliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani na kuingizwa kwenye kazi ya meno miaka ya 1970. Unaupinda ufuate meno yalivyopotoka, nao kwa siku na wiki unadai kurudi kwenye upinde wake wa awali, ukiyavuta meno pamoja nao. Haujali kama mtoto amelala au anafanya mtihani. Alaina zilianza kutengenezwa California na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1997. Kompyuta inaigawa safari nzima ya jino katika vituo vidogo, kila kifuniko kikilisogeza kama robo milimita, unakivaa wiki moja au mbili, unahamia kinachofuata. Sharti ni saa 20 hadi 22 kila siku. Unavua kula, unavua kunywa chochote kisicho maji, unapiga mswaki, unavaa tena. Chai ya moto ikipita ndani yake plastiki inapoteza umbo na kupata rangi.

Kwa mtoto huyu, alisema, zote mbili zinawezekana. Waya ungekuwa mwepesi zaidi kwa ile chonge iliyojipinda, kwa sababu jino la mviringo huteleza ndani ya plastiki. Alaina zingekuwa rahisi kwa usafi, maana zinavuliwa, wakati waya hukusanya ugali kila kona, na mtoto mvivu wa mswaki huondolewa waya akiwa na meno yaliyonyooka lakini yenye alama nyeupe za kuanza kuoza kuzunguka pale braketi zilipokuwa. Muda ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Bei ya alaina ilikuwa zaidi ya mara mbili ya waya, na bima yetu haikugusa hata shilingi ya mojawapo.

Halafu ukaja mwanya, ule wa bibi yake ambao binti yangu ameurithi. Sikutegemea utachukua muda mrefu kuliko bei.

Daktari alikuwa amechora mpango kwenye kompyuta, meno yakirudi nyuma hatua kwa hatua, na mwishoni tabasamu limefungana kabisa. Dada yangu, aliyekuja nasi kwa madai ya kutuonyesha njia, akaruka. "Daktari, samahani. Mwanya unaondoka?" Unaondoka, ndiyo. "Huo ni wa mama yetu." Mimi nikanyamaza, lakini kwa kweli nilikuwa nimeuona kabla yake. Kwetu watu wamependewa mwanya, wameposwa kwa ajili ya mwanya. Kuulipia uzibwe ni jambo la ajabu kidogo.

Daktari hakucheka. Alisema wagonjwa wengi humwuliza hivyo, na programu inayotoka nchi za nje haijui kwamba mwanya ni mali, inauziba yenyewe mpaka uikataze. Lakini kuna gharama yake. Meno ya juu yanahitaji mahali pa kurudi, na mahali penyewe ni zile nafasi zilizopo, mwanya ukiwa mojawapo. Kila milimita ya mwanya itakayobaki ni nafasi ambayo meno hayatairudia, na tulikuja ili meno yaache kujitanguliza. Pia mwanya unaoachwa makusudi lazima ushikiliwe, kwani meno yakiachwa huru yanajifunga au kujifungua yanavyotaka. Dada yangu akataka ubaki wote. Mimi nilisema nusu, kwa haya. Daktari akamgeukia mwenye mdomo.

"Uonekane nikicheka," binti yangu akasema, "usionekane nikiongea."

Wakaafikiana milimita moja na nusu, na daktari akaiandika kwenye mpango. Sijawahi kusikia maelezo ya kitaalamu yaliyo bora kuliko hayo ya mtoto.

Waya au plastiki hatukuamua hapo. Tulipewa usiku mzima wa kufikiri. Magomeni, dada yangu aliandaa chai na maandazi, kikafuata chakula cha jioni, kikafuata karanga, kikafuata embe la kumenyea barazani, jirani akaleta kashata. Kila kitu kilipowekwa mbele yake binti yangu alikuwa anafanya kitu kwa vidole, anavua kitu kisichokuwepo na kukiweka pembeni ya sahani. Mwishoni akasema, "Baba, mimi mdomo wangu haupumziki."

Shangazi yake akamwambia shuleni hakuna kashata. "Shangazi," akajibu, "bwenini hata kikombe cha plastiki hakikai. Nikiweka alaina pembeni ya sahani ya makande, si watazifagia? Na maji ya kupiga mswaki mchana nayatoa wapi?" Hapo ndipo nilipoona amelifikiri jambo kuliko sisi watatu. Alaina zilibuniwa kwa mtu mwenye bomba la maji karibu, anayekula kwa ratiba, na anayemiliki droo inayofungwa. Kwa mtoto wa bweni kazi nzima ya tiba inahamia kwenye kumbukumbu yake na kwenye uaminifu wa wenzake. Niliogopa zaidi kwamba angezivaa saa 12 kwa siku na kutuambia 22, kwa sababu ningekuwa na umri wake ningefanya hivyo.

Daktari alipoelezwa asubuhi kwamba tumechagua waya, hakushangilia. Alituambia hata waya una sehemu inayotegemea mtoto: baada ya miezi kadhaa atafunga raba ndogo kutoka meno ya juu kwenda ya chini, na raba zisipovaliwa, waya peke yake hautayarudisha meno inavyotakiwa. Tofauti ni kwamba raba akizisahau kwa siku mbili hasara ni siku mbili. Alaina akiziacha wiki mbili jino linaweza kukataa kuingia kwenye kifuniko kinachofuata. Kuhusu umbali alikuwa mkweli: waya unahitaji kukazwa kila baada ya wiki nne hadi nane, wakati kwa alaina angeweza kukaa muda mrefu zaidi bila kuja. Kwa basi la zamani la Singida hadi Dar, ukweli huo peke yake ungetusukuma kwenye plastiki. Sasa mtoto anaweza kuja kwa ruhusa ya siku mbili na kurudi. Binti yangu naye alikubali, baada ya kuoneshwa mfano, kwamba braketi za rangi ya jino hazifai kwa enameli yake, kwa kuwa hushika kwa ukali na wakati wa kuondolewa zinaweza kubandua kipande. Chuma, basi.

Kufunga waya wenyewe hakuumi. Meno yalisafishwa, yakakaushwa, tindikali ikakaa muda zaidi kuliko kawaida kwa sababu ya maji yetu, braketi zikapangwa moja moja, taa ya buluu ikagandisha gundi. Mwisho aliulizwa rangi ya vipete vya raba vinavyoshikilia waya. Alitaka kijani na njano, rangi za Yanga, na dada yangu ambaye ni Simba wa kuzaliwa akatoka nje. Daktari akashauri njano iachwe, hufanya meno yaonekane machafu. Kijani tupu, basi.

Maumivu yalikuja usiku. Hapo ndipo mtu anaelewa kwamba mfupa umeanza kuliwa. Kwa siku kadhaa alikula uji, ndizi za kupika na wali uliolowa mchuzi, akameza parasetamoli, akabandika nta mahali chuma kilipokwaruza shavu. Kwenye treni ya kurudi hakutaka kuzungumza. Miwa, mahindi ya kuchoma, ubuyu, korosho, vyote vimepigwa marufuku mpaka waya utoke, na kwa mtoto wa Singida hiyo ya mahindi ni adhabu kamili. Braketi moja ilibanduka kabla ya safari ya pili, kama tulivyoonywa. Ikarudishwa bila malipo, kwa kuwa tulikuwa tumekubaliana hivyo mwanzoni.

Nikiulizwa leo, sina upande kati ya chuma na plastiki. Kwa mfanyakazi wa ofisini mwenye meno yaliyobanana kidogo, anayekula mara tatu na kulala nyumbani kwake, alaina ni pesa iliyotumika vizuri kama anayo. Kwa mtoto wa bweni mwenye kazi kubwa mdomoni, nitafunga waya tena bila kujiuliza. Ninachokataa kabisa ni mtu kuchagua kabla ya eksirei, au kununua vifaa vinavyofika kwa posta bila mtu wa kumtazama fizi.

Na wewe unayejiandaa kwenda, muulize daktari kabla ya kutoa hela: nani atamwona mtoto kila mwezi, kama ni bingwa mwenyewe au msaidizi; braketi ikibanduka nani analipa; alaina ikipotea nyingine inachukua muda gani kufika; na mwanya, kama upo, utakuwaje. Uliza pia kuhusu ritena, kifaa cha kushikilia meno baada ya tiba, kwa sababu meno huanza kurudi yalikotoka mara tu yakiachiwa, na ritena ya usiku huvaliwa kwa miaka. Sehemu nyingi bei yake haimo kwenye ile unayotajiwa siku ya kwanza. Iombe iandikwe kwenye mkataba kabla hujalipa chochote.